Ukinzani wa Umeme: Kutoka Jiwe la Tochi hadi Waya wa Nyumba

Iko desturi moja ambayo imeonekana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki tangu redio ndogo za transista zilipoenea. Mawe ya redio yakichoka, hayatupwi mara moja. Huanikwa juani, juu ya paa au kwenye kizingiti cha dirisha, na baada ya saa chache hurudishwa redioni. Redio huimba tena kwa muda, kisha hunyamaza. Wapo wanaoamini kwamba jua limeyajaza mawe hayo umeme upya. Wapo wengine, hasa vijana waliokwisha kusoma fizikia kidogo, ambao huicheka desturi hiyo na kuiita ushirikina. Pande zote mbili zimekosea. Jua halitii umeme ndani ya jiwe. Lakini anayeanika mawe hupata faida ya kweli, na sababu yake ni jambo ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulikokotoa kwa mistari minne ya hesabu.

Jambo hilo ni ukinzani, yaani kule kuzuiwa kwa mkondo wa umeme na kitu unamopita. Ukinzani umo ndani ya jiwe la tochi, umo katika waya wa jiko la umeme, umo katika viungo vya nyaya zilizofichwa ukutani, na umo hata katika mwili wa binadamu. Mara nyingine tunautaka na tunaulipia. Mara nyingine hutuchomea nyumba. Makala hii inakusudia kueleza jinsi ukinzani unavyofanya kazi katika sakiti za kawaida, na kwa nini kuuelewa vizuri si suala la kufaulu mtihani peke yake.

Mambo matatu yasiyotengana

Tuanze na maana za maneno. Mkondo wa umeme katika waya ni mwendo wa elektroni. Hupimwa kwa ampia. Mkondo wa ampia 1 maana yake ni kwamba katika kila sekunde elektroni zaidi ya milioni milioni milioni 6 hupita mahali pamoja katika waya. Elektroni hizo hazisogei bure. Lazima kiwepo kitu cha kuzisukuma. Kipimo cha msukumo huo ni volteji, nayo hupimwa kwa volti. Kwa usahihi zaidi, volteji baina ya ncha mbili za sakiti hutuambia ni kiasi gani cha nishati hutolewa na kila fungu la umeme lipitapo kati ya ncha hizo.

Elektroni zikisafiri ndani ya metali hugongana na atomu zinazotikisika. Kila mgongano hupunguza mwendo wa elektroni na kuongeza mtikisiko wa atomu, yaani huongeza joto. Huo ndio ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Kitu chenye ukinzani wa omu 1 huruhusu ampia 1 kupita pale volteji baina ya ncha zake inapokuwa volti 1. Ukiongeza volteji maradufu, mkondo huongezeka maradufu. Ukiongeza ukinzani maradufu, mkondo hupungua kuwa nusu. Kwa ufupi:

mkondo = volteji ÷ ukinzani

Kanuni hii ni fupi mno hata mwanafunzi huidhania kuwa ilikuwa rahisi kugunduliwa. Haikuwa hivyo.

Mwalimu wa shule na nyaya zake

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli aliyejisomea hisabati mwenyewe na kuwafundisha watoto wake. Tangu mwaka 1817 Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne. Hakuwa profesa wa chuo kikuu, wala hakuwa na maabara kubwa. Alitumia vyombo vya shule, na ufundi wa kutengeneza vyombo alioupata kwa baba yake.

Alichotaka kujua kilikuwa kitu kimoja: mkondo hupungua kwa kiasi gani waya unaporefushwa? Majaribio yake ya kwanza, aliyoyatangaza mwaka 1825, yalimpa kanuni isiyo sahihi. Kosa halikuwa katika hesabu zake. Betri za siku zile zilikuwa zikichoka wakati jaribio likiendelea, hata volteji ikawa haitulii. Akashauriwa atumie chanzo kingine cha umeme, ambacho kilikuwa kimegunduliwa na Seebeck mwaka 1821: metali mbili tofauti zikiunganishwa katika ncha mbili, na ncha moja ikiwa ya moto na nyingine ya baridi, mkondo hupita. Ohm akachukua kipande cha bismuthi na kukiunganisha na shaba. Kiungo kimoja akakiweka katika maji yachemkayo, kingine katika barafu iyeyukayo. Maji yachemkayo na barafu iyeyukayo havibadiliki joto, na kwa hiyo volteji nayo haikubadilika.

Kisha akaandaa nyaya 8 za shaba zenye unene mmoja na urefu mbalimbali, ule mfupi kabisa ukiwa inchi 2 na ule mrefu kabisa inchi 130. Aliziingiza katika sakiti moja baada ya nyingine, na kupima mkondo kwa kuangalia jinsi sindano ya sumaku ilivyopinda. Matokeo yakalingana na kanuni hii: mkondo ni sawa na namba moja isiyobadilika, ikigawanywa kwa jumla ya namba nyingine isiyobadilika na urefu wa waya. Namba ile ya pili katika majaribio yake ilikuwa karibu na 20. Maana yake ni kwamba vyombo vingine vyote vya sakiti, pamoja na chanzo chenyewe, vilizuia mkondo sawasawa na waya wa shaba wa inchi 20 hivi. Hapa Ohm aliona jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau hadi leo: chanzo cha umeme nacho kina ukinzani wake.

Alitangaza matokeo hayo mwaka 1826, na mwaka 1827 akatoa kitabu kizima kuhusu nadharia ya sakiti. Nchini kwake kitabu hicho kilipokewa kwa ubaridi. Ohm aliiacha kazi yake ya Cologne, na miaka mingi ikapita kabla hajatambuliwa. Mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha London kilimpa nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich aliupata mwaka 1852, miaka miwili tu kabla ya kufariki. Mwaka 1881 wataalamu wa umeme waliokutana Paris walikubaliana kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake. Mwalimu wa sekondari anayesoma makala hii hana haja ya kutafsiriwa funzo la kisa hiki.

Hesabu ya mawe yaliyochoka

Sasa turudi kwenye mawe yetu. Chukua tochi yenye mawe mawili na glopu ambayo ukinzani wake, inapowaka, ni omu 9. Mawe yakiwa mapya yana volti 1.5 kila moja, jumla volti 3. Tuseme ukinzani wa ndani wa mawe yote mawili ni omu 1. Ukinzani wa sakiti nzima ni omu 10, na mkondo ni ampia 0.3. Katika zile volti 3, glopu inapata 2.7, na 0.3 zinapotea ndani ya mawe yenyewe.

Mawe yakitumika sana, kemikali zake hupungua, na rojo iliyo ndani hukauka na kujaa mazao ya mmenyuko. Volteji hushuka kidogo, lakini ukinzani wa ndani hupanda sana. Tuseme volteji ya yote mawili sasa ni 2.7 na ukinzani wa ndani ni omu 9. Ukinzani wote ni omu 18, na mkondo ni ampia 0.15. Glopu inabakiwa na volti 1.35 tu. Nguvu inayopata, yaani volteji mara mkondo, imeshuka kutoka wati 0.81 hadi wati 0.2. Tumepoteza sehemu tatu katika nne za nguvu yote, ingawa volteji ya mawe imeshuka kwa sehemu moja tu katika kumi.

Ndiyo maana fundi akipima jiwe lililochoka kwa voltimita likiwa peke yake, huweza kuona volti nyingi na kulidhania kuwa zima. Voltimita ina ukinzani mkubwa sana, kwa hiyo huruhusu mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo haupotezi volti ndani ya jiwe. Kipimo cha kweli ni kile kinachofanywa wakati jiwe linabeba mzigo.

Na jua je? Joto huzifanya chembe zenye umeme zilizo katika rojo kusafiri kwa wepesi zaidi, na huharakisha mmenyuko. Ukinzani wa ndani hupungua. Tuseme umeshuka kutoka omu 9 hadi omu 6. Mkondo sasa ni volti 2.7 zikigawanywa kwa omu 15, yaani ampia 0.18, na nguvu ya glopu inafika karibu wati 0.29. Mwanga umeongezeka kwa kuonekana. Tena, kule kupumzika tu kwa jiwe huipa rojo nafasi ya kujitengeneza upya kidogo. Lakini kemikali zilizokwisha hazirudi, na jiwe likipoa ukinzani hupanda tena. Hivyo basi bibi aliyeanika mawe hakuongeza akiba. Alifungua mlango ili ile akiba iliyobaki itoke kwa urahisi. (Angalizo: mawe yasiwekwe karibu na moto, kwa kuwa yanaweza kupasuka.)

Kikinza ni nini?

Kila kitu kina ukinzani, lakini mara nyingi tunahitaji ukinzani wa kiasi maalumu mahali maalumu. Kifaa kilichoundwa kwa kazi hiyo huitwa kikinza, nao mafundi wa redio hukiita rezista. Ukifungua redio ya zamani iliyoharibika utaona vijitungi vyenye mistari ya rangi. Rangi hizo ni namba: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Katika vile vyenye mistari minne, mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri zinazofuata, na wa nne huonyesha kiasi cha kosa linaloweza kuwapo. Kwa hiyo chungwa, nyeupe na kahawia ni 3, 9 na sifuri moja: omu 390.

Kikinza kama hicho kina kazi gani? Taa ndogo nyekundu ya LED huhitaji volti 2 hivi na mkondo usiozidi sana ampia 0.02. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 9, itakufa mara moja. Volti 7 za ziada hazina budi kuachwa mahali pengine. Zikigawanywa kwa omu 390 hutoa ampia 0.018, kiasi kinachofaa. Kikinza kimeilinda taa kwa kuzibeba volti zisizohitajika.

Ukinzani wa waya hutegemea mambo manne: urefu, unene, aina ya kitu na joto lake. Waya mrefu maradufu una ukinzani maradufu. Waya wenye eneo la mkato maradufu una nusu yake. Kuhusu aina, waya wa shaba wenye urefu wa meta 1 na mkato wa milimita mraba 1 una ukinzani wa omu 0.017, wa aluminiamu omu 0.028 hivi, wa chuma omu 0.1 hivi. Waya wa nikromu, ambayo ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, hufikia omu 1 au zaidi kidogo, yaani mara 60 hivi ya shaba. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa hauliwi haraka na hewa unapokuwa mwekundu kwa moto, hutumiwa katika pasi na majiko ya umeme. Ama kuhusu joto, metali ikipata moto ukinzani wake huongezeka. Waya wa tangsteni wa glopu ukiwaka huwa na ukinzani wa mara 10 hivi au zaidi ya ule wa baridi, na ndiyo sababu glopu nyingi hukatika wakati ule ule wa kuwashwa: ndipo mkondo unapokuwa mkubwa kuliko wakati wowote.

Kwa mfuatano na kwa usambamba

Vikinza viwili vinaweza kuunganishwa kwa njia mbili. Katika mfuatano, kimoja humaliza na kingine huanza, kama madaraja mawili katika barabara moja. Kila elektroni ipitayo la kwanza haina budi kupita la pili. Kwa hiyo mkondo ni mmoja kotekote, na ukinzani hujumlishwa. Chukua omu 2 na omu 4 kwa betri ya volti 6. Jumla ni omu 6, mkondo ni ampia 1. Cha omu 2 kinabeba volti 2, cha omu 4 kinabeba volti 4. Mwenye ukinzani mkubwa hubeba volti nyingi.

Hapa kuna kosa linalojirudia sana katika madaftari ya wanafunzi. Wengi hudhani kwamba kikinza cha kwanza hula sehemu ya mkondo na kukiachia cha pili masalio. Sivyo. Weka ammita kabla ya kikinza cha kwanza, kisha baina ya viwili, kisha baada ya cha pili: utasoma namba ile ile. Kinachotumika ni nishati. Elektroni zote hurudi nyumbani.

Katika usambamba, vikinza husimama ubavu kwa ubavu, ncha zao zikishikana pande zote mbili. Kila kimoja hupata volti zote 6. Cha omu 2 hupitisha ampia 3, cha omu 4 ampia 1.5, na betri hutoa ampia 4.5. Ukigawanya 6 kwa 4.5 utapata omu 1.33, ambazo ni pungufu kuliko hata kile kikinza kidogo peke yake! Wanafunzi hushangaa: inawezekanaje kuongeza kizuizi na kizuizi kikapungua? Fikiria uwanja wenye mlango mmoja mwembamba. Ukifungua mlango wa pili, hata uwe mwembamba zaidi, watu watatoka haraka zaidi kuliko mwanzo.

Mkondo unaofika katika kiungo chochote ni sawa na jumla ya mikondo inayotoka. Kanuni hii, pamoja na ile ya kujumlisha volti katika kila duara la sakiti, iliandikwa mwaka 1845 na Gustav Kirchhoff, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa chuo mjini Königsberg.

Vyombo vyote vya nyumbani huunganishwa kwa usambamba, ili kila kimoja kipate volti 230 na kiweze kuzimwa bila kuvizima vingine. Matokeo yake ni kwamba kila chombo unachokiwasha hupunguza ukinzani wa jumla na kuongeza mkondo katika waya unaovilisha vyote. Chukua ekstensheni moja iliyochomekwa jiko la wati 1500, birika la wati 2000 na pasi ya wati 1000. Jumla ni wati 4500, na ukigawanya kwa 230 unapata karibu ampia 20. Ikiwa waya wa ekstensheni hiyo ni mwembamba, wa kubeba ampia 6 tu, tumeutwisha zaidi ya mara tatu ya uwezo wake. Joto lakini haliongezeki mara tatu.

Kanuni ya Joule

James Joule wa Uingereza alionyesha, mwaka 1841, kwamba joto litokalo katika waya kila sekunde ni sawa na mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mkondo umeingia mara mbili katika hesabu hiyo. Ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Waya wetu wa ekstensheni utatoa joto zaidi ya mara 10 ya lile aliloliruhusu mtengenezaji. Plastiki hulainika, kisha huyeyuka, kisha nyaya mbili hugusana.

Zikigusana, ukinzani uliobaki katika sakiti ni ule wa nyaya peke yake, pengine omu 1. Volti 230 kwa omu 1 ni ampia 230. Fyuzi huwekwa kwa ajili ya siku hiyo: ni kijiwaya chembamba kilichochaguliwa kukatika kabla waya wa ukutani haujaungua. Anayeifunga fyuzi iliyokatika kwa waya mnene wa shaba, kwa maelezo kwamba imekuwa ikimsumbua, hakuondoa fyuzi nyumbani mwake. Ameihamishia ukutani, au darini, mahali ambapo hataiona ikikatika.

Adui asiyeonwa na fyuzi

Hata hivyo, iko hatari moja ambayo fyuzi nzima, iliyochaguliwa vizuri, haiwezi kuizuia. Ni kiungo kilicholegea.

Fikiria chombo chenye ukinzani wa omu 23 katika umeme wa volti 230. Mkondo ni ampia 10. Sasa skrubu moja ndani ya soketi imelegea, au ncha za waya zimesokotwa kwa mkono na kufunikwa kwa plasta, na kutu imeingia. Tuseme mahali hapo pamezuka ukinzani wa nusu omu tu. Kiungo hicho kiko katika mfuatano na chombo. Jumla ni omu 23.5, na mkondo umepungua kidogo kuwa ampia 9.8. Fyuzi ya ampia 13 haina cha kulalamikia. Mkondo umepungua, haukuongezeka. Mwenye nyumba haoni tofauti, chombo kinafanya kazi. Lakini tumia kanuni ya Joule kwa ile nusu omu: 9.8 mara 9.8 mara 0.5 ni wati 48.

Wati 48 si nyingi katika jiko. Lakini chuma cha kulehemu cha fundi redio, kinachoyeyusha risasi kwa sekunde chache, mara nyingi ni cha wati 25 hadi 40. Katika kiungo kibovu joto hilo zima hutokea mahali padogo kama punje ya mchele, limezungukwa na plastiki, pengine na mbao. Joto huzidisha kutu, kutu huzidisha ukinzani, ukinzani huzidisha joto. Jambo hili linaweza kuendelea kwa miezi kabla ya moto kuonekana.

Dalili zake zinajulikana, na kila mwanafunzi anaweza kuzifundisha nyumbani kwao: soketi au plagi yenye joto kuliko waya wake, plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, harufu ya kuungua isiyo na chanzo, taa inayopepesa soketi inapotikiswa. Mojawapo ikionekana, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na aitwe fundi mwenye ujuzi. Isingojewe fyuzi ikatike, kwa kuwa huenda isikatike kabisa.

Mwili nao ni kikinza. Ngozi kavu huweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000, na kwa volti 230 mkondo ni ampia 0.0023, ambao humshtua mtu tu. Ngozi iliyolowa huweza kushuka hadi karibu omu 1,000, na mkondo ukawa ampia 0.23. Mkondo wa ampia 0.1 tu ukipita moyoni unaweza kuua. Volti ni zile zile. Tofauti ni maji. Wala asijitumainie mtu kwamba mikono yake ni mikavu, maana jasho hutosha kuilowesha, na umeme wenyewe huivunja kinga ya ngozi.

Waya mrefu na birika lisilochemka

Kuna jambo jingine linaloonekana mara nyingi katika shule na nyumba zilizo mbali na nguzo. Taa hufifia birika linapowashwa, na birika huchelewa kuchemka. Tuhesabu. Jengo liko meta 100 kutoka mahali pa kuunganishia, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni meta 200. Ukinzani ni 0.017 mara 200 gawanya kwa 2.5, yaani omu 1.36. Birika la wati 2000 lina ukinzani wa omu 26.5 hivi. Mkondo unakuwa ampia 8.3, na volti 11 hivi zinaachwa njiani. Wati zaidi ya 90 zinapasha joto hewa na ardhi, na mita inazihesabu kama imefungwa mwanzo wa waya huo. Ukitumia waya wa milimita mraba 1.5 ili kupunguza gharama, volti 18 hupotea, na wati karibu 145. Waya wa bei nafuu hulipiwa kila mwezi.

Darasani

Mambo haya yanaweza kuonyeshwa bila maabara kubwa. Yote yafanywe kwa mawe ya tochi, na kamwe yasifanywe kwa umeme wa nyumba.

La kwanza: pasua penseli laini kwa urefu ili risasi yake ionekane. Unganisha mawe mawili, glopu ya tochi na risasi hiyo kwa mfuatano, kisha telezesha ncha moja ya waya juu ya risasi. Wanafunzi wataona mwanga ukiongezeka kadiri umbali unavyopungua, na watakuwa wamerudia, kwa njia yao, swali la Ohm.

La pili: pima volteji ya jiwe lililochoka likiwa peke yake, kisha likiwasha glopu. Kutokana na tofauti ya vipimo hivyo, pamoja na mkondo, wanafunzi wakokotoe ukinzani wa ndani. Kisha jiwe lianikwe juani, na jaribio lirudiwe.

La tatu, ambalo pengine ndilo la maana kuliko yote: katika sakiti ya glopu, weka kiungo kimoja kilichosafishwa na kukazwa, na kingine cha misumari miwili yenye kutu iliyogusanishwa tu. Pima volteji baina ya pande mbili za kila kiungo glopu ikiwa inawaka. Katika kiungo kizuri utasoma karibu sifuri. Katika kibovu utasoma sehemu ya volti, pengine zaidi. Volti hizo zimeibwa kutoka kwa glopu, na zimegeuka joto katika kutu.

Mwanafunzi aliyeiona sindano ya voltimita ikisogea juu ya misumari miwili yenye kutu hatahitaji kukaririshwa kwamba viungo vya nyaya hukazwa. Atakaporudi nyumbani ataweka kiganja chake juu ya plagi ya pasi, baada ya kuizima na kuichomoa, ili aone kama ina moto.